Mwaka Niliojifunza Kusiriba

Habari za kifo cha Bi Somoe zilinikuta nagombana na mtu wa vioo. Nilikuwa saiti, huko Mbezi, simu sikioni, mkono mwingine ukimwonyesha kijana dirisha alilolikosea vipimo, na upande wa pili sauti ya binti mkubwa wa Bi Somoe ikaniambia taratibu kwamba mama katutoka alfajiri, hakuumwa sana, na mazishi ni leo saa kumi kule Mbagala. Nikamwambia kijana wa vioo aendelee kukosea anavyotaka. Nikakaa juu ya rundo la matofali, nikavua kofia ya saiti, na kwa muda nikawa naangalia viganja vyangu tu. Nina miaka hamsini na ushee sasa. Vijana wanaotoka chuoni na ramani zao kwenye kompyuta huniuliza nilijifunza wapi kujenga kwa udongo, chokaa na makuti nyumba ambazo ndani yake kuna maji ya moto na intaneti. Huwa nawapa majibu ya kwenye semina. Jibu la kweli ni kwamba nilijifunza ndani ya mwaka mmoja, kwenye korido moja ya nyumba moja ya Kunduchi, kwa mwanamke niliyemvunjia heshima kabla sijamwomba anifundishe. Aibu hiyo sijawahi kuiandika popote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua kila kitu. Ofisi yetu ilikuwa Mwenge, chumba cha juu nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, na kutwa nzima tulichora tukisikiliza tezo zikigonga mpingo. Vumbi la mpingo lilipanda hadi kwenye meza zetu. Chai tuliletewa na mama mmoja aliyekuwa na birika kubwa na maandazi ya hiliki, na bosi wetu alikuwa na tabia ya kugawa kazi huku anatafuna. Ndivyo alivyonigawia hii. Alisema kuna mwalimu mkuu mmoja amekuja, ana kiwanja Kunduchi, anataka nyumba ya kisasa lakini ya udongo. Akacheka, makombo yakamtoka. "Hizi kazi za kimajaribio mpe Upendo," akawaambia wenzangu, "ndo kwanza kaingia, hana jina la kuharibu." Nilikasirika, nikaichukua, na hasira ile ikanisindikiza hadi Sinza alikokuwa anapanga Mwalimu Salma.

Nilitegemea kukuta mtu mwenye magazeti ya nyumba za watalii. Nilimkuta mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye sauti ya darasani, amepika wali wa nazi na changu wa kukaanga, na sebuleni juu ya mkeka amekaa mama yake, Bibi Hadija, ambaye macho yalishamwacha miaka kadhaa nyuma. Mwalimu alikuwa amemleta kutoka Lindi baada ya majirani kupiga simu kwamba bibi anapika peke yake na moto hauoni. Tulikula. Bibi alichambua miba ya samaki kwa vidole upesi kuliko mimi mwenye macho, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Moshi, akasema basi nile sana kwa sababu nimetoka mbali. Baada ya kula nikaenda kunawa mikono jikoni, na nikiwa kule nikawasikia wanaongea kwa sauti za chini, kama watu waliorudia maneno hayohayo mara nyingi.

"Mwanangu, nirudishe Lindi."

"Urudi kwa nani, mama?"

"Kwa kuta zangu."

Nilisimama na maji yananitiririka mikononi. Bibi akaendelea kwamba nyumba hii haina kuta, ina rangi ya mafuta tu. Kila anapoweka mkono panateleza sawasawa, hajui kama yuko chumbani au koridoni. Kule Lindi kuta zake alizisiriba mwenyewe tangu alipokuwa bibi harusi, na mkono wake ulijua palipobonyea ni karibu na mlango, palipokwaruza ni upande wa jiko. Hapa Sinza alishaanguka mara moja akitafuta choo, na tangu siku hiyo anashikwa mkono. "Nimezika waume wawili," alisema, "nimelea watoto sita. Leo napelekwa msalani kama mtoto." Mwalimu Salma alilia, nilisikia. Halafu wakakubaliana. Nyumba ya Kunduchi itajengwa, bibi atakaa humo masika yajayo tu. Akiweza kulala na kutembea mwenyewe, atabaki. Akishindwa, atarudi Lindi kwenye nyumba yake, na mtu wa kumwangalia hakuna.

Niliondoka pale nimebadilika kidogo, ila siyo vya kutosha. Nilichora kwa wiki tatu. Msingi wa zege, juu yake kuta nene za tofali za udongo zilizokaushwa juani. Madirisha makubwa yenye luva za mbao, kazi ya fundi mmoja wa hapohapo Mwenge. Paa la bati, na juu ya bati makuti, ili mvua isimpigie bibi kelele. Na katikati ya yote korido moja iliyonyooka, kutoka chumbani kwake, kupita mlango wa choo, hadi barazani. Niliipenda mno ramani ile. Hata bosi aliacha kutafuna alipoiona. Tukachimba msingi mwezi wa sita, kiangazi kimeanza, na kufika mwezi wa tisa kuta zilikuwa zimesimama na makuti yanapanda. Hapo ndipo akaja Bi Somoe kuzisiriba.

Alikuja na wanawake watatu na ndoo saba. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, kanga kaifunga kiunoni kwa fundo la kazi, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Mafundi wa tofali walimcheka kidogo, maana plasta mjini ni kazi ya wanaume na mwiko wa chuma, naye akawaacha wacheke. Kwao Lindi kukandika na kusiriba ni kazi ya wanawake, na kwa mkono mtupu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndo injinia?"

"Mimi ni msanifu majengo."

"Haya, Injinia. Udongo wenu nimeuona, una mchanga mwingi. Tutafute mwingine."

Ndivyo tulivyoanza. Alitembea kiwanja kizima akionja udongo kwa ulimi, jambo lililonitia kinyaa, akapata anaoutaka karibu na ua wa nyuma. Wakauchekecha, wakachanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa na chokaa kidogo, wakauloweka kwenye shimo na kuufunika magunia. Kila siku niliuliza kama tayari. Kila siku alichota kidogo, akanusa, akasema bado. Siku ya tisa ulinuka kama zizi, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Adhuhuri walikula pamoja chini ya banda la saruji, ugali wa muhogo na kisamvu, wakinitania kwa sababu nilikuja na mkate wangu wenye siagi. "Injinia anakula sponji," alisema mmoja, na wote wakacheka, nami nikajifanya nacheka. Bi Somoe alikuwa na kitu kimoja ambacho kila mtu saiti alikijua: hakuvumilia kinundu. Akiona kijiwe au bonge limejitokeza ukutani anaacha anachofanya, analifuata, analing'oa, anapapasa hadi panyooke. Wasaidizi wake alikuwa akiwarudisha ukuta mzima kwa bonge moja. Hata hivyo kuta zake hazikuwa bapa kama kioo. Zilikuwa na mawimbi ya kiganja, pinde ndogondogo zilizofuatana, laini, na kwa macho yangu ya chuoni mawimbi yale yalikuwa kasoro.

Sasa niseme nilichofanya. Walipomaliza chumba cha bibi na korido, Bi Somoe alipata msiba kwa ndugu yake, akaaga siku tatu. Siku hizohizo bosi akanipigia kwamba kuna wateja wakubwa anataka kuwaleta waone nyumba. Nikazunguka nikiangalia kuta kwa macho ya wageni wale, na nikaona haya. Niliona watasema ni kibanda. Kwa hiyo nikawaita vijana wawili, nikawaambia wapige plasta nyembamba ya saruji juu ya udongo ule, koridoni na chumbani kwa bibi, kisha rangi ya mafuta, nyeupe. Mmoja wao aliniuliza, "Sista, Bi Somoe anajua?" Nikamwambia aliyechora nyumba ni mimi. Kazi ikaisha siku mbili. Wageni wakaja, wakasifu, bosi akanipiga bega. Usiku ule nililala vizuri, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Bi Somoe alirudi siku ya nne. Aliingia koridoni, akaweka mkono wake wa kushoto ukutani, akautembeza hatua tatu, akautoa. Hakupiga kelele. Aliwaambia wenzake wakusanye ndoo. Nilimfuata nje nikieleza mambo ya wateja na muda na bosi, naye akawa anasuuza ndoo kana kwamba naongea na mtu mwingine. Walipofika getini ndipo aligeuka. "Ungeniambia tu kama hukuipenda, mwanangu," alisema, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye vuli ikaanza. Upande mmoja makuti yalikuwa hayajafika mwisho, mvua ikapiga ukuta, udongo ukanywa maji kama kawaida yake, na safari hii unyevu ukakosa pa kutokea, maana nilikuwa nimeuziba kwa saruji na rangi. Rangi ikaota malengelenge. Plasta ikaanza kubanduka vipande vikubwa, vikianguka koridoni kimoja baada ya kingine. Na katikati ya hali hiyo, Mwalimu Salma, ambaye nilikuwa nakwepa simu zake, akamleta mama yake kuiona nyumba. Sikuweza kuwazuia. Bibi Hadija aliingia koridoni, akanyoosha mkono, akagusa sehemu iliyokuwa bado nzima na nyeupe. Alipapasa polepole, juu, chini, akitafuta. Kisha akasema, bila hasira, "Kumbe tumerudi Sinza." Akamwomba bintiye amkatie tiketi ya basi la Lindi. Mwalimu Salma hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniangalia tu, na mimi nikatamani anitukane.

Kesho yake nikaenda Mbagala. Nilimkuta Bi Somoe uani anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, wasaidizi wake wawili pembeni wanapepeta mchele. Nilianza kuomba radhi nikiwa bado nimesimama. Akanionyesha kigoda. Nilipokaa nikaanza tena, akasema kwake hapazungumzwi jambo na mgeni mwenye njaa. Nikangoja nazi ikunwe, ichujwe, dagaa waungwe, wali uive. Nikala wote, sahani imejaa, na wale wawili wananitazama kila tonge. Nilipomaliza akaniambia nilimpiga kofi mbele ya watoto wake. Wale ndio aliowafundisha kazi, alisema, na sasa wakishika udongo watajiuliza kama ni kazi au ni uchafu wa kufunikwa. Nikamwambia habari za Bibi Hadija, zote, tangu nilichosikia jikoni Sinza, hadi tiketi. Sikuwahi kumweleza kabla. Nilimwona ni wa kupaka ukuta, nyumba ya nani haimhusu. Aliacha kukusanya vyombo.

"Yule bibi hana macho?"

"Hana."

"Na ile korido ndo njia yake ya msalani?"

"Ndiyo."

"Mie nilifanya mawimbi yote yaende upande mmoja, kutoka chumbani kwenda nje," alisema, "ili nyumba ipendeze tu. Ningejua ningemfanyia zaidi." Kisha akanitajia masharti yake. Plasta nitaibandua mimi, kwa mkono wangu, korido nzima na chumba. Na ikifika kusiriba, nitasiriba na mimi. Na bibi aletwe akae hapohapo koridoni wakati wa kazi.

Niliibandua kwa siku sita, na kila jioni nilirudi nyumbani kucha zimevunjika. Wale vijana wawili walitaka kunisaidia nikawakatalia. Bosi alinipigia akasema nimepata wazimu. Mwalimu Salma alimwomba mama yake wiki moja tu zaidi kabla ya safari, na bibi akakubali kwa shingo upande, akaletwa asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, akaketishwa kwenye kigoda katikati ya korido na kikombe cha chai ya tangawizi. Udongo ulikuwa umeshavunda. Bi Somoe akaanza kusiriba upande wa chumbani. Alipomaliza kipande cha kwanza, kikiwa bado kibichi, akamshika bibi kiganja akakiweka ukutani. Bibi akapapasa. Uso wake ukafunguka.

"Wewe wa shoto!"

"Umejuaje, bibi?"

"Unapinda kinyumenyume. Kwetu alikuwepo mmoja kama wewe, tulikuwa hatumpi upande wa mbele wa nyumba."

"Kwa kuwa alikuwa anawashinda nyie wote!"

Wakacheka, bibi na Bi Somoe, na kucheka kwao hakukwisha siku nzima. Ikawa bibi ndiye msimamizi. Kila kipande lazima mkono wake upite, na bila kukosea alituambia nani kafanya: huyu ana haraka, huyu kakata kucha jana, huyu amegombana na mumewe. Aliagiza chumbani paachwe pakwaruze kidogo, barazani palainishwe. Alasiri zamu yangu ikafika. Nilipewa sehemu ndogo kando ya mlango wa choo, usawa wa kifua, na nilisiriba kama mtu anayemfuta mtoto pua. Bibi akapitisha mkono, akauliza, "Nani huyu mwoga?" Halafu kiganja chake kikagonga kitu. Nilikuwa nimeacha bonge la udongo halijavunjika, kinundu kikubwa kama kokwa ya embe. Bi Somoe alikiona papo hapo, akaja mbio na ndoo, mimi nikaomba radhi kwa mara ya mia, naye ameshanyoosha vidole kuking'oa.

"Msikiguse," alisema Bibi Hadija. Alikuwa amekifunika kwa kiganja chote. "Hapa ndipo choo."

Bibi akarudi hadi mlangoni kwa chumba chake, kwa kufuata mawimbi, hakuna aliyemshika. Akageuka, akaja tena, mkono ukutani, hatua kwa hatua, akafika kwenye kinundu, akasimama, akasukuma mlango wa choo, akaingia, akaufunga. Mwalimu Salma alijishika mdomo kwa mikono miwili. Tulimsikia bibi ndani akifungua bomba, akinawa, akijiimbia. Bi Somoe alikitazama kinundu changu kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeambiwa aache doa kwenye nguo ya harusi. "Haya, Injinia," alisema. "Umeniweza."

Walihamia mwezi wa pili. Masika yalipoanza nilikesha macho huko nilikokuwa napanga, nikisikiliza mvua inavyolipiga bati langu. Asubuhi nikaenda Kunduchi mapema kuliko adabu inavyoruhusu. Bibi Hadija alikuwa barazani peke yake, amejifunga kanga, anakula muhogo wa kuchemsha. Nikamwamkia, nikamuuliza amelalaje na mvua ile.

"Mvua?" alisema. "Kwani ilinyesha?"

Tiketi ya Lindi haikukatwa. Bibi aliishi miaka kumi na moja zaidi kwenye nyumba ile, akafia chumbani kwake, na hadi wiki yake ya mwisho alikwenda msalani bila kushikwa mkono. Mimi nilipata kazi nyingine, na nyingine, nyingi za aina hiyo, Bi Somoe akiwa nami katika karibu zote hadi magoti yalipomgomea. Hakuacha kuniita Injinia. Kunduchi sikurudi baada ya kumzika bibi. Sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kukuta wamepaka rangi.

Msibani Mbagala tulikaa kwenye mikeka, tukala wali na maharage, na nikamkuta Mwalimu Salma, sasa mtu mzima mwenye mkongojo. Baada ya hitima akanialika kwake. Nilikwenda jana. Nyumba ipo. Makuti yamebadilishwa mara kadhaa, luva ni zilezile. Akaniambia ukuta wa koridoni mama yake aliusugua kwa mkono hadi ukaingia ndani kama mfereji, na kwamba Bi Somoe alikuwa akija kila baada ya miaka mitatu minne kuusiriba upya, hata baada ya bibi kufariki, mara ya mwisho mwaka juzi akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilifurahi na nikahuzunika kidogo, maana nilijua basi kazi yangu ndogo pale imeshafunikwa zamani. Nikaomba ruhusa kwenda msalani. Sijui kilichonituma, lakini mlangoni kwa chumba cha bibi nilifumba macho, nikaweka mkono ukutani, nikaanza kutembea. Mawimbi yalikuwa yanapinda kinyumenyume, yote, yananipeleka nje. Hatua ya nane kiganja changu kikagonga kinundu.

Nilifumbua macho. Kilikuwa palepale, ukubwa uleule, kimenyooshwa vizuri pande zote na mkono wa kushoto.

"Siyo kile chako," alisema Mwalimu Salma nyuma yangu. "Chako mama alikimaliza kwa kukishika. Hicho alikuwa anakitengeneza mwenyewe, kila akija. Nikamwambia, Somoe, mama si hayupo tena, na wewe huvipendi hivi vitu, si ukiache?"

"Akasemaje?"

"Akasema, Injinia akirudi atajuaje choo kiko wapi?"

Nikasukuma mlango, nikaingia, nikafungua bomba maji yatoke kwa kelele, nikalia.